Kanisa la Wapolandi, Nyabyeya: Kabla ya Kushika Brashi

Kanisa la Nyabyeya, kando ya msitu wa Budongo wilayani Masindi, Uganda, halikujengwa na wamisionari. Waliolijenga hawakuwa wafungwa wa vita pia, na kosa hilo la kusema hivyo tumelisahihisha mara nyingi mno. Walikuwa wakimbizi wa Poland, wengi wao wanawake na watoto. Wasovieti waliwahamishia Siberia na Kazakhstan kwa nguvu mwaka 1940 na 1941. Mwaka 1942 wakatoka kupitia Iran, kisha wakaletwa Afrika Mashariki. Kati ya 1943 na 1945 walisimamisha kanisa hili kwa heshima ya Bikira Maria, Malkia wa Poland. Vita vilipokwisha, vijiji vya wengi wao vilikuwa vimeingizwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, basi wakatawanyikia Uingereza, Kanada na Australia. Makaburi ya wenzao yakabaki.

Kuondoka kwao hakukuliacha kanisa bila mwenyewe. Liko chini ya Jimbo Katoliki la Hoima, kwa hiyo nia njema ya mfadhili anayetaka kulikarabati haitoshi. Kanuni ya 1189 ya Sheria za Kanisa Katoliki inataka picha na sanamu za thamani zisikarabatiwe bila kibali cha maandishi cha askofu, naye lazima awaulize wataalamu kwanza. Maandishi, si ruhusa ya mdomo baada ya Misa. Anayesimamia mali ya Kanisa bila kibali kinachotakiwa huadhibiwa kwa Kanuni ya 1376, na bado atawajibika kulipa hasara. Maombi ya kibali yaambatane na picha za kuta zote nne, vipimo vya nyufa, na picha ya kila andiko ikiwa na rula pembeni.

Picha hiyo yenye rula ina sababu. Fundi asiyejua Kipolandi akipitisha rangi juu ya herufi zilizofifia, ł hugeuka t au l, ń hupoteza alama yake, na jina la marehemu hubadilika moja kwa moja. Kowalski na Kowalska si koo mbili: la kwanza ni la mwanamume, la pili la mwanamke wa familia hiyohiyo. Tafadhali msilisahihishe jina.

Kuvu kwenye jiwe la kaburi husafishwa kwa maji na brashi laini. Brashi ya waya hukwangua herufi, na asidi hula saruji na chokaa. Ufa kwenye ukuta wa chokaa usizibwe kwa saruji ngumu: unyevu hukosa pa kutokea, na plasta ya pembeni hubanduka.