Kitanzi Hakichagui? Kaa Chini, Binamu

Juzi nilituma kwenye kundi la familia picha ya koyote, yule mbwa-mwitu mdogo wa Marekani, niliyemnasa kwa kitanzi. Chai haijapoa, binamu yangu wa Voi alikuwa ameshajibu: "Kaka, kitanzi ni kitanzi. Hakichagui." Nimeyasikia maneno hayo hadi yameniota sugu masikioni. Na namwelewa. Sisi tumekulia kando ya Tsavo, tunajua waya uliotegewa digidigi unavyoishia kuzama kwenye mguu wa ndovu. Lakini waya ule hauna kizuizi wala kulabu ya kumwachia mnyama asiyekusudiwa, hutegwa kwa makumi kwenye njia za wanyama, na aliyeutega huenda asirudi kuuona. Ukisema huo hauchagui, sitabishana nawe.

Mimi huku Texas nalipwa kunasa koyote na wafugaji wa mbuzi na kondoo, watu wanaoamka na kukuta wanakondoo wametobolewa koo. Siku nikimnasia mfugaji mbwa wake, sina kazi tena. Kunasa tu, hata mtoto ataweza. Ninacholipwa ni kuchagua.

Ya msingi nayapita haraka. Kebo ya milimita 2 hivi, ichemshwe na magadi ipoteze mng'aro. Kitanzi kiwe na upana wa inchi 10 hadi 12, na ukingo wake wa chini uwe juu ya ardhi kwa kiasi hichohicho. Rakuni na sungura watapita chini. Juu yake laza fito, ili kulungu aruke badala ya kuinama. Usitege karibu na mzoga, utanasa tai. Pita kila siku alfajiri, hata kama mvua inanyesha. Na usome sheria za jimbo lako kwanza: Colorado mwaka 1996 na California mwaka 1998, wananchi wenyewe walipiga kura kuvibana vitanzi, kwa hiyo linaloruhusiwa hapa kwetu linaweza kukufikisha mahakamani ukivuka mpaka.

Sasa kinachoniudhi. Kuna wanaokubaliana nami, kisha wanakwenda dukani kununua kulabu ya kukatikia na kurudi wakidhani wamenunua akili. Kulabu hiyo ni kipande kidogo cha chuma chenye umbo la S, hukaa kwenye kufuli, yaani kile kipande kinachokaza kitanzi, na ikivutwa kwa nguvu iliyopangiwa hunyooka na kitanzi kikaachia. Nyingi ni za pauni 285, kama kilo 129. Vizuri. Ila kulabu haimjui kulungu, inajua nguvu tu. Kulungu mzima akitimka ataikata. Mtoto wa kulungu wa wiki chache hataweza, na mbwa vilevile hataweza, kwa sababu ingekuwa dhaifu kiasi hicho hata koyote angeikata. Hao huwaokoi kwa kulabu, unawaokoa kwa kutotega wanapopita.

Halafu mtu anaifunga kebo kwenye tawi! Kulungu akivuta, tawi linapinda, nguvu yote inaishia kwenye tawi, na kulabu inakaa pale kama pambo. Kulabu hufanya kazi ikiwa upande wa pili hausogei hata kidogo: kigingi cha chuma kilichozama, au shina la mti uliokomaa. Nimerudia jambo hili kwa watu wazima, wenye leseni, hadi nimechoka. Kizuizi cha mguu ndicho rahisi zaidi, na ndicho wanachokisahau: kipete kinachozuia kitanzi kubana chini ya inchi 2 na nusu, ili kwato ichomoke.

Nikiri pia kwamba namba iliyoandikwa kwenye pakiti siiamini sana. Hiyo ni nguvu ya kuvuta taratibu, na mnyama havuti taratibu, hushtuka akaruka. Au havuti kabisa. Niliwahi kumkuta ndama amesimama tuli, kebo shingoni, anacheua. Kulabu yangu ya bei ghali haikuwa na habari naye.

Pagumu kuliko pote ni tundu la chini ya ua. Koyote hutambaa hapo, kwa hiyo kitanzi lazima kiwe chini, na ile kanuni ya inchi 10 haina maana tena. Javelina, mnyama anayefanana na nguruwe mwitu mdogo, anapita hapohapo, mtoto wa kulungu naye, na mbwa wa kulinda kondoo pia. Siku hizi nalainisha udongo kwa kiganja, nasubiri usiku tatu nisome nyayo, kisha nakagua manyoya yaliyonasa kwenye waya moja moja. Nilijifunza vibaya. Niliona unywele mrefu mweupe nikasema ni wa mbuzi wa Angora, maana shamba lilijaa hao. Asubuhi nikamkuta Great Pyrenees wa jirani, mbwa mkubwa mweupe wa kulinda kondoo, ameketi, anatikisa mkia. Alisalimika kwa sababu kufuli langu hulegea mnyama akiacha kuvuta, nilikuwa nimefyeka vichaka vyote ambavyo kebo ingejizungushia, na yeye amezoea kufungwa kamba. Mwenye mbwa hakutikisa mkia. Hakuniita tena.

Binamu nampa nusu, na si ile anayoidai. Mara nyingi wanaoua kondoo ni dume na jike wanaolea watoto kwenye himaya yao. Kijana anayepita tu huenda hana hatia yoyote. Mbwa naweza kumkwepa, kulungu naweza kumwachia, lakini kati ya koyote na koyote kitanzi changu ni kipofu, na kuna asubuhi ninapomwangalia niliyemnasa nisijue kama ndiye.

Nimemwandikia hayo yote kwenye kundi. Amejibu kwa kikatuni cha ndovu.