Neno Moja Katika Sheria ya Afya

Wanafunzi wa sheria wanaotaka kujua kazi yangu huanza karibu wote kwa kuuliza habari za mahakama, nami huwajibu kwamba katika miaka yangu ya utumishi nimesimama mbele ya jaji mara chache kuliko nilivyokaa mezani na mhasibu, mfamasia na muuguzi. Mwanasheria wa sera za afya serikalini hupokea uamuzi ambao wengine wamekwisha kuufanya, tuseme kwamba kila mjamzito azalishwe bila malipo, kisha huuandika kwa namna ambayo karani wa mapokezi, asiyewahi kuhudhuria kikao chetu hata kimoja, ataelewa kwamba hana ruhusa ya kumdai mama yule chochote.

Uzito wa jambo hili niliujua mapema. Katika rasimu ya kwanza niliyokabidhiwa, iliyohusu mfuko wa bima ya afya, nilitafsiri "huduma ya tiba" kuwa huduma inayotolewa na daktari aliyesajiliwa. Wakubwa wangu waliisoma wasione kasoro. Rasimu ilipofikishwa kwenye kikao cha maoni ya wadau, mkunga mmoja alinyoosha mkono akauliza kama mfuko utamlipia mama atakayezalishwa na yeye, usiku, katika zahanati isiyo na daktari. Kwa maneno niliyoyaandika, jibu lilikuwa hapana. Hakuna aliyekusudia hivyo, lakini mkaguzi wa madai hulipa kwa kufuata kilichoandikwa. Tangu siku ile, sehemu ya tafsiri ya maneno, ambayo wasomaji wengi huiruka, ndiyo ninayoisoma kwanza na ndiyo ninayoirudia mwisho.

Mfano mkubwa zaidi wa hatari hiyo ninaoufahamu unatoka Marekani. Sheria ya mageuzi ya bima ya afya, iliyosainiwa na Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010, iliweka nafuu ya kodi kwa watu wa kipato cha chini na cha kati wanaonunua bima kupitia masoko maalumu. Kifungu cha kukokotoa nafuu hiyo kilitaja soko "lililoanzishwa na jimbo". Majimbo 34 hayakuanzisha masoko yao wenyewe, bali yaliiachia serikali ya shirikisho kazi hiyo, na walalamikaji wakadai kwamba wakazi wa majimbo hayo hawastahili nafuu hata senti moja. Shauri hilo, King dhidi ya Burwell, lilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 25 Juni 2015 majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba nafuu itolewe kotekote. Jaji Mkuu John Roberts, aliyeandika hukumu, hakuficha kwamba sheria ile ilikuwa na sehemu kadhaa zilizoandikwa bila ustadi, lakini alishikilia kwamba Bunge liliipitisha ili kuboresha masoko ya bima, si kuyabomoa.

Mimi siwalaumu sana waandishi wa kifungu kile. Kwa kawaida mabaraza mawili ya Bunge la Marekani hupatanisha matoleo yao ya muswada, na katika upatanisho huo makosa mengi ya lugha huonekana na kusahihishwa. Safari hii, baada ya uchaguzi mdogo wa Massachusetts wa Januari 2010, chama tawala kilipoteza kura ya 60 iliyohitajika katika Seneti kufunga mjadala, hivyo baraza la pili likalazimika kuupitisha muswada wa Seneti kama ulivyokuwa, na marekebisho machache tu yakafuata kupitia sheria ya bajeti. Siasa iliondoa hatua ya usafi, na maneno machache yakabeba kwa miaka mitano hatima ya bima ya mamilioni ya watu.

Neno jingine ninalolipigania ni "anaweza". Kuandika kwamba waziri anaweza kutunga kanuni za kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo bima italipia, ni kumpa hiari. Kuandika kwamba atatunga kanuni hizo ndani ya siku 90 ni kumpa wajibu ambao mwananchi ataudai mahakamani. Sheria mama, yaani ile iliyopitishwa na Bunge, ikikosa kanuni za kuitekeleza hubaki kwenye karatasi, na mgonjwa aliyesikia redioni kwamba ana haki ya dawa fulani hurudishwa nyumbani.

Ni kweli kwamba wajibu usio na fedha nao ni hatari, na hapa Afrika Kusini imetufundisha mengi. Kifungu cha 27 cha Katiba yake ya 1996 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na kinaitaka serikali kuitimiza hatua kwa hatua kwa kadiri ya rasilimali zilizopo. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ilikataa ombi la mgonjwa wa figo aliyetaka asafishwe damu katika hospitali ya umma mjini Durban, ambayo mashine zake hazikutosha. Mwaka 2002, kwa kifungu hichohicho, mahakama iliiamuru serikali iondoe vizuizi vya nevirapine, dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi vya UKIMWI, ambayo mtengenezaji alikuwa ameahidi kuitoa bure kwa miaka 5. Kila kijana anayejiunga na kitengo chetu mimi humpa hukumu hizo mbili azisome pamoja, kisha nampeleka kwa mhasibu.

Sehemu ambayo wabunge huijadili kwa dakika chache, nami huiandika kwa wiki nzima, ni masharti ya mpito. Mfuko wa zamani unapofutwa saa sita usiku na mpya kuanza wakati huohuo, kuna mtu ambaye yumo katikati ya tiba ya saratani, amepata dozi tatu kati ya sita, na kibali chake kimetolewa na taasisi ambayo kesho asubuhi haitakuwapo. Kifungu kinachosema kwamba kibali hicho kitaendelea kuwa halali mpaka tiba ikamilike hakizidi mistari miwili, na mara mbili nimekikuta kimesahaulika katika rasimu iliyokuwa tayari kwenda Bungeni.