Mteja Akishikilia Jambo Lisilo la Busara, Wakili Afanye Nini?

Chukua kesi ya kiwanja. Mdaiwa amekubali kukigawa nusu kwa nusu mbele ya msuluhishi, na ushahidi wa mdai una mapengo. Mdai anamwambia wakili wake: "Mheshimiwa, mimi nataka hukumu, hata nikifilisika."

Wengi hudhani wakili atii tu kwa kuwa amelipwa, au amlazimishe mteja kwa kuwa yeye ndiye msomi wa sheria. Yote mawili ni makosa.

Kupatana, kukata rufaa au kukiri kosa ni uamuzi wa mteja. Kesi ni yake, na atakayebaki bila kiwanja ni yeye. Ila ana haki ya kuamua huku akijua anachokiamua. Wakili amweleze kwa Kiswahili cha kawaida udhaifu wa ushahidi wake, na kwamba kwa kawaida anayeshindwa hubebeshwa gharama za mwenzake. Ushauri huo uandikwe na mteja auwekee saini. Wapo wanaoona saini hiyo ni kinga ya wakili peke yake. Kweli inamkinga, lakini pia inampa mteja karatasi ya kusoma nyumbani na ndugu zake, hasira ikiwa imeshuka.

Akiendelea kushikilia, wakili aendelee na kesi kwa bidii ileile. Kuzembea kwa sababu ushauri wako umekataliwa ni kumsaliti mteja.

Ukaidi una mpaka wake, nao ni udanganyifu. Mteja akitaka hati ya mauziano iandikwe tarehe ya nyuma, au jirani ambaye hakuwepo aape kwamba alishuhudia malipo, wakili lazima akatae. Yeye ni ofisa wa mahakama. Chini ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kusema uongo mahakamani chini ya kiapo, au kumshawishi mwingine aseme, kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 7. Wakili naye anaweza kufikishwa mbele ya Kamati ya Mawakili, yenye mamlaka ya kumsimamisha au kumwondoa kwenye orodha ya mawakili.

Kwenye jinai mambo ni magumu zaidi. Mshtakiwa anamnong'oneza wakili, "Nilifanya," kisha anataka kukana. Anaruhusiwa kukana, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, na wakili anaweza kuwahoji mashahidi wa mashtaka kwa ukali wote. Asichoweza ni kumpandisha kizimbani aape kwamba siku hiyo alikuwa Mwanza.

Wakifika hapo pasipo kuelewana, wakili anaweza kuomba kujitoa. Aombe mapema, si asubuhi ya kusikilizwa, ili mteja apate muda wa kutafuta mwingine. Mbele ya hakimu aseme tu kwamba hawezi kuendelea na uwakilishi. Siri aliyoambiwa ofisini inabaki ofisini.