Je, wajua kwa nini mtu yuleyule hushinda karata kila mapumziko?

Penye watu wanaofanya kazi pamoja na wakapata nusu saa ya mchana, iwe gereji, bandarini, stoo ya saruji au kibanda cha walinzi, karata haikosi kutoka mfukoni. Na kila kijiwe kina mtu wake mmoja ambaye hakuna anayetaka kukaa upande wa pili naye. Hata akigawiwa magarasa matupu, ukija kuhesabu mwishoni unakuta kashinda. Wenzake husema ana bahati, wengine husema ana dawa. Kumbe anachofanya ni hesabu ya kutoa, tena ile ya kutoa kwenye kumi, na anaifanya kila karata inapotua mezani.

Nazungumzia karata ya turufu ya watu wanne, wawili kwa wawili, ile ambayo anayefikisha pointi 61 ndiye mshindi. Ni mchezo wenye umri pwani yetu. Wareno, waliofika Mombasa mwaka 1498 na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wana mchezo wao uitwao sueca unaochezwa kwa hesabu hiyohiyo hadi leo, na kopa, shupaza, uru, pau na turufu yenyewe ni maneno tuliyoyapata kwao. Vijiwe havifanani kwa sheria, kwa hiyo niseme mapema ninazozifuata hapa. Zinatolewa nane, tisa, kumi na majoka, zinabaki karata 40, kila mchezaji anapata 10. Aina moja kati ya nne, yaani kopa, shupaza, uru au pau, inakuwa turufu, ile inayozishinda nyingine zote. Karata ikiongozwa, yaani ikitolewa ya kwanza mezani, lazima ufuate aina yake kama unayo. Kama huna, uko huru kukata kwa turufu au kutupa chochote. Mwenye karata kubwa anazila zote nne, na yeye ndiye anayeongoza tena.

Ree, ile yenye herufi A, ina pointi 11. Inayofuata kwa ukubwa si mfalme, ni saba, yenye pointi 10. Kisha mzungu wa nne, yaani mfalme, pointi 4. Mzungu wa tatu, yaani jeki, pointi 3. Na mzungu wa pili, malkia, pointi 2. Mbili hadi sita ni magarasa, hayana kitu. Jumlisha aina moja upate 30, aina nne upate 120. Nusu ni 60, ndiyo maana ushindi unaanzia 61.

Sasa zitazame namba hizo vizuri, maana mchezo wote umo humo. Karata 20 kati ya 40 hazina pointi hata moja. Ree nne na saba nne, karata nane tu, zimebeba pointi 84 kati ya 120. Anayelia kwamba kagawiwa wazungu wachache analilia makombo. Swali la kujiuliza tangu karata ya kwanza ni moja: hizi nane ziko wapi, na zitaliwa na nani?

Hapo ndipo hesabu ya kutoa inapoingia. Kila aina ina karata 10, si zaidi. Ukizitoa zilizo mkononi mwako na zilizokwisha kuanguka mezani, unabaki na zile ambazo watu watatu wengine wanagawana. Hakuna haja ya kukumbuka karata zote 40. Binadamu wachache wanaweza, na mchezo hauwadai hivyo.

Chukua hali hii. Mwenzako anaongoza ree ya kopa. Mpinzani wa kwanza anatupa nne ya kopa. Zamu yako imefika, una saba ya kopa na tano ya kopa, na nyuma yako amebaki mpinzani wa pili. Uitoe saba au uifiche? Ukiitoa na mpinzani akafuata kopa, mmezoa pointi 21 kwa mkupuo, zaidi ya theluthi ya mnachohitaji. Asipokuwa na kopa na akawa na turufu, hizo 21 ni zake.

Toa kwenye kumi. Ree na nne ziko mezani, mbili unazo wewe, zimebaki kopa 6. Hizo zimetawanyika kwenye karata 28 usizoziona: 9 za mwenzako, 9 za mpinzani wa kwanza na 10 za huyu anayesubiri. Uwezekano wa yeye kukosa kopa hata moja katika karata zake 10 ni kama 5 kwa 100. Itoe saba bila kusita. Ukiificha, mara kopa itakapoongozwa tena watu watakuwa wamepungukiwa na hatari itakuwa kubwa zaidi.

Badilisha kitu kimoja tu. Meza ni ileile, ree ileile, lakini wewe una kopa 6, saba ikiwemo. Sasa zimebaki kopa 2 tu kwa watu wote watatu, na uwezekano wa mpinzani wa mwisho kukosa kopa unapanda hadi takriban 40 kwa 100. Saba ileile iliyokuwa salama imegeuka kamari. Hapa toa garasa, na wala usione haya mwenzako akikukazia macho. Mchezaji wa kawaida huona kopa sita mkononi akafurahi kwamba kopa ni yake. Anayejua huona kopa sita akajua kwamba wengine hawana.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayosema ree iongozwe lini. Ukiwa na karata tatu za aina isiyo turufu, ree ikiwa mojawapo, uwezekano wa kumkuta mpinzani aliyekosa aina hiyo mzunguko wa kwanza ni kama 8 kwa 100. Ukiwa na karata tano za aina hiyo, uwezekano unafika kama 22. Na hata kama wote walifuata mara ya kwanza ulipokuwa na tatu, ukiongoza saba mara ya pili, karibu mara 4 kwa kila 10 kutakuwa na mpinzani aliyeishiwa. Kwa hiyo ree za nje ya turufu hazihifadhiwi kama mbegu. Ukiwa na ree yenye karata chache pembeni, iongoze mapema, watu wangali na kila aina mkononi.

Saba ina adui mmoja tu katika aina yake, naye ni ree. Saba ikiwa na garasa pembeni, inaweza kujificha: mpinzani akiongoza ree unatoa garasa, na kuanzia hapo saba yako ndiyo kubwa. Saba iliyo peke yake haina pa kujificha. Ree ikija lazima uifuate na kutoa pointi 10. Ndiyo maana ukiwa na saba na garasa lake, usilitupe garasa hilo ovyo kwenye mzunguko wa aina nyingine. Ni mlinzi wa pointi kumi.

Turufu nazo ni 10. Ukiwa nazo nne, wengine watatu wanagawana sita, wastani mbili kila mtu. Ukiwa na ree na saba za turufu pamoja na nyingine mbili, ziongoze mara mbili mfululizo. Mara nyingi wapinzani wanaishiwa au wanabakiwa na moja, na baada ya hapo saba zako za aina nyingine zinatembea kifua mbele. Tatizo ni kwamba mwenzako naye unamkausha, kwa hiyo usifanye hivyo kama karata zako nyingine ni magarasa, kwa sababu utakuwa unawasafishia njia wapinzani. Mwenye turufu mbili ndogo ana kazi tofauti kabisa: ajitahidi kuishiwa aina fulani haraka, kwa mfano kutoa garasa lake pekee la pau, ili mpinzani akija kuongoza ree ya pau, mojawapo ya zile turufu ndogo ikate na kula pointi 11.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote haimo kwenye namba. Imo kwenye kumsoma mtu kwa kile alichoshindwa kufanya. Mpinzani ameongoza ree ya shupaza, hakuna aliyekata, na upande wako hakuna wa kuizuia. Mwenzako, mtu mwenye akili zake, anatoa mzungu wa nne wa shupaza, anawazawadia pointi nne. Kwa nini? Mchezaji makini hatoi mzungu kwa adui akiwa na garasa wala mzungu mdogo. Kwa hiyo aidha huyo ndiye shupaza wake wa mwisho, au amebaki na saba. Vyovyote iwavyo, habari hiyo ni yako bila yeye kufungua kinywa: akishapata mpinzani nafasi ya kuongoza shupaza tena, mwenzako ama atakata ama saba yake itakuwa kubwa. Wewe unaweza kuongoza shupaza ukiwa na imani.

Angalia pia mikono. Aliyebaki na karata moja ya aina iliyoongozwa huitupa papo hapo, hana cha kuchagua. Anayevuta moja, akairudisha, akavuta nyingine, ana mbili au zaidi, na huenda mojawapo ni nzito. Watu mnaofanya kazi pamoja mwaka mzima mna faida kubwa hapa, maana mnajuana mwendo. Fundi ambaye kazini haanzi kitu mpaka apime mara mbili, kwenye karata naye hatupi saba bila hakika. Akiitoa bila kufikiri, jua ree ameshaiona ikianguka. Kusoma hivi ni halali. Kukonyezana, kukohoa kwa mpango na kugusa sikio si halali, na kijiwe kinachovumilia hayo kinapoteza ladha yote ya mchezo.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulipuuza, nalo ni uchanganyaji. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba karata 52 zinahitaji kuchangwa kama mara saba, kwa ule mtindo wa kugawa fungu mara mbili na kuzipachanisha, ndipo zichanganyike vya kutosha. Mtindo wetu wa kumwagia vifungu kutoka mkono mmoja hadi mwingine unahitaji mara nyingi zaidi ya hapo. Kijiweni, mtu anazichanga mara tatu na kuanza kugawa. Matokeo yake, karata nne za kopa zilizoliwa pamoja mchezo uliopita bado zimefuatana. Zikigawiwa mojamoja, kila mchezaji anapata kopa yake, aina zinatawanyika sawasawa, na ree na saba zinakuwa salama kuliko zile asilimia nilizozitaja. Zikigawiwa kwa vifungu, mtu mmoja anaangukiwa na kopa nyingi na mwingine anakosa kabisa. Kwa hiyo mtazame anayegawa kabla hujatazama karata zako.

Kuhusu mwenzako, naomba nisisitize: mkaripie mtu mbele ya watu kwa sababu alitoa saba ikaliwa, na mizunguko yote itakayofuata atacheza kwa woga, ataficha saba mpaka zimfie mkononi. Umepoteza pointi nyingi kuliko zile kumi. Jozi zinazoshinda ni zile zinazozungumza baada ya mchezo, kwa utulivu, karata zikiwa bado mezani: "Ulipotoa mzungu pale, nilijua umeishiwa." Wakifanya hivyo kwa majuma kadhaa, kila mmoja anajua mwenziwe hutoa nini na kwa sababu gani, na mtu wa bahati akikaa dhidi yao hana pa kushika.

Anayeanza asijaribu kuhesabu kila kitu siku moja. Aanze na turufu peke yake, kumi tu, mpaka azoee. Kisha aongeze ree nne na saba nne. Wakati huo aanze pia kujumlisha pointi ambazo upande wake umekwisha kula, kwa sababu mwisho wa mchezo huamuliwa na hiyo jumla. Mkiwa mmeshazoa 52, mnahitaji 9. Wazungu wa nne wawili wanawapa 8 tu, hawatoshi. Lakini saba moja, ukiitia kwenye mzunguko ambao mwenzako ameshaukata kwa turufu kubwa kuliko zote zilizobaki, inawavusha palepale, na huna tena haja ya kuzihangaikia ree za wapinzani zilizobaki.