Moto, nakala na makarani: dhana potofu kuhusu Wizara ya Vita ya Marekani, 1784–1800

Historia ya kijeshi ya Marekani husimuliwa kwa mapigano na majemadari. Ofisi iliyolipa mishahara, kununua viatu, kuhesabu mapipa ya unga na kujibu barua za wajane husahauliwa, au hukumbukwa kwa makosa. Dhana zinazojadiliwa hapa zimeenea hata miongoni mwa watu waliosoma historia, na nyingi zinatokana na kutojua jinsi barua zilivyoandikwa, zilivyonakiliwa na zilivyosafirishwa katika miaka ile.

"Baada ya kumshinda Mwingereza, Marekani ilibaki na jeshi kubwa na wizara kubwa ya kuliongoza"

Tarehe 2 Juni 1784 Kongresi iliamuru kwamba wanajeshi waliosalia waachishwe kazi, wabaki 80 tu: 25 wa kulinda ghala la Fort Pitt na 55 wa kulinda ghala la West Point. Siku iliyofuata, majimbo manne yaliombwa kutoa askari 700 kutoka kwa wanamgambo wao ili walinde mpaka wa magharibi, kwa maana wawakilishi wengi waliamini kwamba jeshi la kudumu wakati wa amani ni hatari kwa uhuru wa raia. Hata ilipoundwa Wizara ya Vita chini ya katiba mpya, kwa sheria ya tarehe 7 Agosti 1789, ilianza kama ofisi ndogo kuliko nyingine. Henry Knox, ambaye alikuwa ameshika kazi hiyo tangu 1785 chini ya mfumo wa awali, aliwekewa mshahara wa dola 3,000 kwa mwaka, ilhali mawaziri wa Mambo ya Nje na wa Hazina waliwekewa dola 3,500. Karani mkuu wake alipata dola 600, na mwenzake wa Mambo ya Nje dola 800.

Udogo huo wa ofisi haukupunguza makaratasi. Kwa sheria ya Aprili 1790, askari wa kawaida alilipwa dola 3 kwa mwezi, lakini humo zilikatwa senti 90 za sare na senti 10 za mahitaji ya hospitali, hivyo kilichomfikia mkononi kilikuwa dola 2. Sheria hiyohiyo ilitaja mgao wake wa siku: ratili 1 ya nyama ya ng'ombe au robo tatu ya ratili ya nyama ya nguruwe, ratili 1 ya mkate au unga, na kipimo kidogo cha pombe kali, kisha, kwa kila migao 100, ratili 2 za sabuni na ratili 1 ya mishumaa. Kila kitu katika orodha hiyo kilihitaji mkataba, stakabadhi na hati ya malipo, na hati hizo zilipaswa kusafiri kutoka ngome za mbali hadi mezani kwa makarani wachache na kurudi.

"Wizara ya Vita ilishughulikia vita"

Jina linapotosha. Ofisi hiyo ililipa pensheni za askari waliolemazwa vitani, ilisimamia ardhi walizoahidiwa askari, na ilishughulikia uhusiano wote na mataifa ya wenyeji asilia, kuanzia mikataba na zawadi hadi leseni za wafanyabiashara. Kazi hiyo ya mwisho ilibaki humo hadi 1849. Mkataba wa New York wa Agosti 1790, uliotiwa saini na ujumbe wa Wacreek ulioongozwa na Alexander McGillivray, ulijadiliwa na Knox mwenyewe. Hata meli sita za kivita zilizoidhinishwa Machi 1794 zilianza kujengwa chini ya Wizara ya Vita, kwa kuwa Wizara ya Jeshi la Majini haikuwapo hadi tarehe 30 Aprili 1798.

"Waziri aliamuru, na majemadari walitekeleza"

Anayesoma barua za wakati ule akiwa na mazoea ya simu hudhani kwamba waziri alikuwa akiendesha vita kutoka mezani. Mfano mmoja unatosha kuonyesha hali halisi. Jemadari Anthony Wayne alilishinda shirikisho la mataifa ya wenyeji katika pigano la Fallen Timbers tarehe 20 Agosti 1794, na akaandika taarifa yake rasmi tarehe 28. Tarehe 30 Septemba, Rais Washington aliondoka Philadelphia kuelekea magharibi, ambako wakulima wa Pennsylvania walikuwa wameasi kodi ya wiski. Usiku ule alilala mahali panapoitwa Trappe, maili 25 hivi kutoka mjini, na ndipo Meja Stagg, karani mkuu wa Wizara ya Vita, alipomfikia njiani akiwa na barua za Wayne. Ushindi huo ulikuwa umetimiza siku 41. Waziri Knox mwenyewe hakuwapo kazini, kwani alikuwa amekwenda Maine kwa shughuli zake binafsi, na kazi za wizara alikuwa akizishika Alexander Hamilton, waziri wa Hazina, ambaye naye alikuwa katika msafara huohuo wa rais. Habari kubwa kuliko zote za mwaka ule ilibebwa na karani aliyefukuzia msafara wa wakubwa wake.

Kwa sababu hiyo maagizo ya waziri yaliandikwa kwa namna ya pekee: yalieleza shabaha, yakataja mipaka ambayo jemadari asiivuke, kisha yakamwachia busara yake mengine yote. Kwa sababu hiyohiyo barua muhimu ilitumwa kwa nakala mbili au tatu, kila nakala kwa njia yake, moja ikizama mtoni au mjumbe akiuawa nyingine ifike. Mwandishi naye alibaki na rasimu, na karani alinakili barua nzima kwa mkono katika daftari la barua zilizotumwa. Desturi hii, ambayo bila shaka iliwachosha makarani, ndiyo itakayotusaidia tutakapofika kwenye suala la moto.

"St. Clair alishindwa kwa sababu ya uzembe wake, na Washington akaficha nyaraka"

Hapa kuna dhana mbili zilizofungwa pamoja, na zote mbili zina kasoro. Tarehe 4 Novemba 1791 jeshi la Jemadari Arthur St. Clair lilivunjwa na wapiganaji wa shirikisho la mataifa ya wenyeji walioongozwa na Little Turtle wa Wamiami na Blue Jacket wa Washawnee, na zaidi ya askari 600 wakauawa. St. Clair alikuwa mgonjwa wa jongo, na kambi yake haikulindwa ipasavyo. Hayo hayana ubishi. Wala haifai kuusahau ustadi wa waliomshinda, jambo ambalo waandishi wa Kimarekani walichelewa sana kulikubali.

Lakini kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoundwa Machi 1792 kuchunguza maafa hayo ilikuta tatizo lililoanza ofisini, mbali na uwanja wa mapigano. Fedha zilichelewa. Mahema, mikoba ya askari, sufuria za kambini na visanduku vya risasi vilikuwa pungufu kwa idadi na vibovu kwa ubora. Samuel Hodgdon, mkuu wa ugavi, alichelewa mno kufika Fort Washington, ngome ya mpaka wa magharibi ambako jeshi lilikusanyikia, na safari iliyotakiwa kuanza kiangazi ikaanza majani yakipukutika. Mkandarasi wa chakula alikuwa William Duer, mlanguzi wa hisa wa New York, ambaye Machi 1792 alitiwa gerezani kwa madeni. Huyo Duer alikuwa pia mshirika wa Knox katika biashara ya ardhi za Maine. Mtu hahitaji kudai kwamba kulikuwa na rushwa ili aone kwamba waziri hakuwa katika nafasi nzuri ya kumbana mkandarasi wake. Ripoti ya kwanza ya kamati, ya Mei 1792, ilimwondolea lawama St. Clair, Knox alilalamika, ikarudiwa. Mwezi huohuo wa Mei Kongresi iliuhamishia ununuzi wa mahitaji ya jeshi kwenye Hazina, hatua inayosema mengi kuliko ripoti yenyewe.

Na nyaraka? Kamati iliziomba, Washington akawaita mawaziri wake kushauriana, nao wakakubaliana kwamba rais ana haki ya kuzuia karatasi ambazo kuzitoa kungeudhuru umma. Wengi huishia hapo wanaposimulia, wakahitimisha kwamba alikataa. Kwa kweli aliagiza nyaraka hizo zitolewe. Alikuja kukataa baadaye, mwaka 1796, Baraza la Wawakilishi lilipotaka karatasi za mkataba wa Jay na Uingereza.

"Waingereza ndio waliochoma nyaraka za Wizara ya Vita"

Dhana hii ndiyo sugu kuliko zote, na ni rahisi kuona kwa nini: Waingereza walichoma kweli majengo ya serikali jijini Washington Agosti 1814, likiwamo jengo la Wizara ya Vita. Lakini nyaraka za miaka ya mwanzo zilikuwa zimeteketea miaka karibu 14 kabla yake, tarehe 8 Novemba 1800, miezi michache tu baada ya serikali kuhamia Washington kutoka Philadelphia. Ushahidi uko wazi kwa anayetaka kuutazama: madaftari ya barua zilizotumwa na waziri kuanzia mwishoni mwa 1800 yapo hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Kama 1814 ndio mwaka wa maangamizi, hayo yangekuwa ya kwanza kutoweka.

Nyumba iliyoungua ilikuwa ya kupanga, na mwenye nyumba alimshtaki Samuel Dexter, waziri aliyetia saini mkataba wa pango, akitaka alipe hasara kutoka mfukoni mwake. Shauri hilo, Hodgson dhidi ya Dexter, lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1803 iliamua kwamba Dexter alitia saini kama wakala wa serikali na hivyo hawajibiki binafsi. Wapinzani wa kisiasa nao walinong'ona kwamba Wafederali, chama kilichokuwa madarakani, wamechoma ofisi ili kuficha ubadhirifu, hasa moto mwingine ulipotokea Hazina Januari 1801. Uvumi huo haukupata uthibitisho.

Hasara ya kweli iliwaangukia watu wadogo. Mlemavu wa vita aliyekuwa amewasilisha ushahidi wa utumishi wake kabla ya 1800 hakuwa tena na jalada, na majalada mengi ya pensheni yaliyopo leo yana maelezo mafupi ya karani kwamba karatasi za mwombaji ziliteketea katika moto ule. Sheria ya pensheni ya 1818 ilipowafungulia mlango maveterani maskini, wengi walilazimika kusimulia upya, wakiwa wazee, waliyoyapigana zaidi ya miaka 35 nyuma.

"Kwa kuwa masijala iliungua, hatuwezi kujua wizara ilifanya nini"

Kilichoungua ni nakala za upande mmoja. Barua ya Knox kwa Wayne ilikuwa kwa Wayne. Ya Wayne kwa Knox ilibaki katika rasimu zake. Karatasi za Wayne ziko Philadelphia, za Josiah Harmar, jemadari aliyemtangulia St. Clair, ziko Chuo Kikuu cha Michigan, na za Timothy Pickering, aliyemrithi Knox, ziko Boston. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti walizikusanya picha za hati za namna hiyo kutoka mamia ya hifadhi, na leo zaidi ya hati 40,000 za miaka 1784 hadi 1800 zinasomeka bure mtandaoni chini ya Chuo Kikuu cha George Mason, Virginia. Tangu 2011 watu wa kujitolea wamekuwa wakizichapa kutoka kwenye mwandiko wa mkono.

Hata hivyo mkusanyo huo si masijala iliyofufuka. Uliookoka zaidi ni mwandiko wa watu waliokuwa na karani, kabati na wajukuu wa kuhifadhi: majemadari, mawaziri, wakandarasi wakubwa. Orodha za vikosi na malalamiko ya askari ambayo nakala yake pekee ilikuwa wizarani hayamo. Maneno ya viongozi wa mataifa ya wenyeji yamo, lakini karibu yote yamepitia kwa mkalimani, kisha kwa kalamu ya ofisa wa upande wa pili wa meza.