Kutesti huduma za Linux za kwenye gari kwa Python, na kwa nini testi zako lazima zijue Mwanza iko wapi

Wadau habari za saa hizi. Kazi yangu ni kutesti programu zinazokaa ndani ya gari, naifanya nikiwa hapahapa Mwanza, na huwa naulizwa sana inawezekanaje bila kuwa na gereji wala gari jipya la kuchezea, kwa iyo leo nieleze vizuri.

Ile skrini ya kwenye dashibodi, yenye ramani na redio na simu, mara nyingi nyuma yake kuna kompyuta inayoendesha Linux, ileile Linux ya kwenye seva. Mradi wa wazi unaojulikana zaidi ni Automotive Grade Linux, tuite AGL, ulioanza 2012 chini ya Linux Foundation, na Toyota waliuweka kwenye Camry ya 2018 kule Marekani, yaani ni kitu kiko barabarani miaka sasa, siyo cha maabara tu. Matoleo yake yanaitwa majina ya samaki na viumbe wa majini kwa mpangilio wa alfabeti, Albacore, Blowfish, Chinook, wakaendelea mpaka Koi, Lamprey, Marlin, kitu ambacho mtu wa kanda ya ziwa anakipenda bila kushawishiwa.

Ndani ya mfumo kama huo hakuna programu moja kubwa inayofanya kila kitu. Kuna huduma nyingi ndogondogo zinazojiendesha nyuma ya pazia: moja inajua gari liko wapi, moja inashika redio, moja inasoma spidi na mizunguko ya injini, moja inaangalia simu. Skrini unayoiona inaziuliza tu hizo huduma. Sasa ukitesti kwa kubonyeza skrini na kuangalia kwa macho unatesti rangi na vitufe, ila yule anayesema "spidi ni 50" hujamgusa kabisa, na yeye akidanganya kila kitu juu yake kinadanganya kwa upole na kwa picha nzuri. Ndo maana mimi naongea na huduma moja kwa moja, kwa Python.

Python yenyewe naitumia kupitia pytest, zana ya kuandika na kuendesha testi, na kwa AGL kuna fremuweki imejengwa juu ya pytest inaitwa pyagl. Kwenye matoleo ya AGL ambayo huduma zake zinaongea kwa websoketi (njia ya mtandao inayobaki wazi pande zote mbili), ujumbe unaopita ni JSON fupi tu, yaani data iliyoandikwa kwa maandishi, safu inayoanza na namba: 2 maana yake naomba kitu, 3 ni jibu zuri, 4 ni jibu la kukataa, 5 ni tukio, yaani huduma imekuletea habari yenyewe bila kuulizwa. Ukituma [2, "1", "gps/location", {}] unarudishiwa safu inayoanza na 3 na ileile "1" yako, ndo unajua jibu hili ni la swali lile. Ukishaelewa hizo namba nne uoga wote unaisha, pyagl inakufungia tu huo ujumbe ndani ya fanksheni za Python ili uandike testi kama mtu anayeongea. Matoleo ya baadaye yamehamia kwenye KUKSA (huduma inayoshika data za gari) na gRPC (njia nyingine ya programu kuongea), ambako unaomba kitu kwa jina lake, mfano Vehicle.Speed, ila namna ya kufikiri haibadiliki: unaingiza kitu upande mmoja, unauliza upande wa pili.

Gari lenyewe huna, sawa. AGL inawaka ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, kwenye laptopu ya kawaida, na kama unataka kitu cha kushika mkononi Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inatosha. Kinachobaki ni nyaya za gari, na hapo ndo napapenda kuliko sehemu zote.

Ndani ya gari vile viboksi vyote (mafundi wetu wanaviita kontroli boksi) vinaongea kwa kitu kinaitwa CAN, kilichotoka Bosch mwaka 1986. Kwenye CAN ya kawaida kila ujumbe una namba ya utambulisho na baiti zisizozidi 8. Linux inaielewa CAN kama inavyoelewa kadi ya mtandao, tangu kerneli (kiini cha Linux) 2.6.25 ya mwaka 2008, na nzuri zaidi ina CAN ya kufikirika, vcan, haihitaji waya wala kifaa:

ip link add dev vcan0 type vcan
ip link set up vcan0

Mistari miwili, tayari una nyaya za gari ndani ya laptopu. QEMU nayo unaweza kuipa kadi ya CAN ya kuigiza ukaiunganisha na hiyo vcan0, basi mfumo ulioko ndani unaamini umechomekwa kwenye gari la kweli.

Sasa tuangalie ujumbe mmoja kwa karibu. Yule fundi pale Nyakato akichomeka skana kwenye gari lako, skana inatuma swali kwenye namba 7DF, baiti zake 02 01 0D, maana yake nipe spidi ya sasa hivi. Injini inajibu kwenye 7E8: 03 41 0D 32. Hiyo 03 ni idadi ya baiti zinazofuata, 41 ni jibu la ule mtindo wa 01, 0D ni spidi, na 32 ya heksadesimali (hesabu za kumi na sita sita) ni 50, kilomita 50 kwa saa. Mizunguko ya injini inakuja kwa baiti mbili, unazidisha ya kwanza kwa 256, unajumlisha ya pili, unagawanya kwa 4, kwa iyo 04 41 0C 0C 80 ni injini iko sailensa, mizunguko 800. Hapo hakuna uchawi wowote, na kwa maktaba ya python-can mimi ndo nakuwa injini:

@pytest.fixture
def nyaya():
    b = can.Bus(interface="socketcan", channel="vcan0")
    yield b
    b.shutdown()

def test_spidi_hamsini(nyaya, huduma):
    huduma.jisajili("spidi")
    jibu_la_injini(nyaya, [0x03, 0x41, 0x0D, 0x32, 0, 0, 0, 0])
    assert huduma.subiri("spidi", sekunde=2) == 50

Ile sehemu ya juu ni fiksicha, inaandaa nyaya kabla ya testi na kuzifunga testi ikiisha hata kama imefeli katikati, hiyo yield ndo mpaka. Huduma na jibu_la_injini ni vitu vya kwangu nilivyoviandika pembeni, wewe utaandika vya kwako.

Angalia mpangilio wa ile testi, maana hapa ndo watu wengi wanapoteza wiki nzima. Jisajili kwanza, tuma baadaye. Ukituma fremu, yaani ujumbe wa CAN, kabla hujajisajili, huduma inaweza kutangaza spidi mpya na kumaliza wewe bado hujafungua masikio, afu testi yako inasubiri tukio lililoshapita, inafeli leo kesho inapita, na mtu anaanza kusema "hiyo testi ni ya hivohivo, rudia tu itapita". Hapana jamani. Testi ambayo watu wameshazoea kuirudia haina kazi tena, siku ikifeli kwa sababu ya kweli nani atasikia? Na kitu kingine ni ile tabia ya kuweka time.sleep(5) kila mahali. Laptopu yenye kasi inakaa bure sekunde tano, mashine iliyoelemewa sekunde tano hazimtoshi, yaani umekosa kotekote. Subiri tukio lenyewe, weka ukomo, likifika endelea hapohapo, lisipofika ndani ya ukomo feli kwa sauti na useme ulikuwa unasubiri nini.

Haya, sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Testi unazozikuta kwenye miradi hii zimeandikwa na watu wazuri sana, ila magari waliyokuwa nayo kichwani yanatembea Ulaya, Japani na Marekani. Mahali tunapoishi sisi hakumo mle ndani mpaka mtu wa huku apaweke, na huduma inaweza kupita testi zote mia kwa mia halafu ikifika huku ikapotea, kupotea kwa maana yenyewe.

Chukua GPS. Kipokezi kinatoa maneno ya mtindo wa NMEA, muundo wa maandishi unaotumiwa na vipokezi vya GPS, na kwa Mwanza mjini mahali panakuja hivi: 0231.0000,S,03254.0000,E. Usome kwa makini, siyo digrii 231, ni digrii 2 na dakika 31, kwa iyo dakika unazigawa kwa 60, na kwa kuwa ni S jibu linakuwa hasi: -2.5167, na mashariki 32.9. Sasa programu iliyoandikwa na mtu ambaye maisha yake yote yuko kaskazini mwa ikweta inaweza kuisahau ile S na testi zake zote zikabaki kijani, yaani zinapita, kwa sababu kule herufi ni N siku zote. Ikiisahau, gari lililopaki Kirumba linaonekana kaskazini mwa Uganda, juu kidogo ya Lira! Ramani inaonekana safi kabisa, barabara zipo, mitaa ipo, ila ni nchi ya watu. Na sisi tuko karibu na ikweta kiasi kwamba kosa halionekani la ajabu, gari halijaangukia baharini wala jangwani, ndo ubaya wake. Kwa iyo mimi kila testi ya mahali naipa orodha kupitia parametrize: Mwanza, sehemu moja kaskazini mwa ikweta, sehemu moja magharibi mwa Greenwich, na sehemu moja ilipo ikweta yenyewe, na mstari wa ikweta unapita humuhumu ziwani. Naongeza na ile hali ambayo kipokezi kinaandika V badala ya A, maana yake sijui nilipo, hapo huduma inatakiwa ikiri haijui, isirudishe sifuri na sifuri, maana sifuri na sifuri ni mahali pa kweli, ni katikati ya maji ya Ghuba ya Guinea.

Kivuko sasa. Gari limepanda kivuko cha Kamanga linaelekea Sengerema, injini imezimwa, redio inaimba, watu wengine wamebaki ndani ya gari. GPS inasema tunatembea noti 10, noti ni kipimo cha mwendo, moja ni kilomita 1.852 kwa saa, kwa iyo ni kilomita 18 na kidogo kwa saa. CAN inasema magurudumu yamesimama, sifuri. Nani anasema kweli? Wote wawili, na huduma lazima ijue nani anaulizwa nini. Ramani imsikilize GPS, isogeze kale kamshale juu ya maji bila kukavutia kwenye barabara ya karibu. Lakini milango, magari mengi milango inajifunga yenyewe yakishika mwendo, hiyo imsikilize gurudumu tu. Sitaki kabisa kuona gari linajifungia watu ndani katikati ya ziwa kwa sababu programu imeamini iko barabarani. Testi yenyewe ni fupi: natuma sentensi za NMEA zenye noti 10 kwa kutumia gpsfake, programu ya kuigiza GPS, wakati huohuo natuma 03 41 0D 00 kwenye vcan0, afu nathibitisha vitu viwili, mahali panabadilika na amri ya kufunga milango haijatoka. Kuthibitisha kwamba kitu HAKIJATOKEA ni kugumu kuliko kinachotokea, lazima uchague utasubiri muda gani kabla ya kusema hakijaja, mimi naendelea kutuma mwendo wa kivuko muda wote huo ili huduma ipate nafasi ya kutosha ya kukosea.

Redio fupi tu. Kila mwenye gari la kutoka Japani anaijua hii, redio nyingi za kule zinaishia megahezi 90 kuanzia 76, stesheni zetu zimejaa mpaka 108, ndo maana watu wanafungiwa kile kifaa cha kupanua bendi. Kwenye Linux hiyo ni mpangilio tu wa kanda, kwa iyo testi inaweka kanda, inauliza mwanzo na mwisho wa masafa, inajaribu 107 na inataka jibu la 3 siyo la 4.

Na umeme. Unapopiga stata, betri ya volti 12 inaweza kuporomoka chini ya 9 kwa muda mfupi, na kompyuta ya bei nafuu inaweza kuzimika palepale ikiwa inaandika mipangilio yako. Sisi kukatika kwa ghafla hatuhitaji kuelezwa. Kwenye QEMU naiua mashine nzima katikati ya kuandika, naiwasha, naangalia vitu viwili tu: huduma imeamka, na mpangilio ni wa zamani kamili au mpya kamili, siyo nusu nusu. Huduma nzuri inaandika faili pembeni, inahakikisha limefika kwenye diski, ndo inabadilisha jina. Kwa bodi ya kweli kuna labgrid, nayo ni ya Python na inashikana na pytest, inaweza kukata umeme wa bodi kupitia relei wakati wewe umekaa.

Kitu kimoja msije mkanielewa vibaya. vcan haina waya. Haina kasi ya kilobiti 500, haina vile vizuizi vya omu 120 kila mwisho, haina fremu zinazogongana kugombea njia, haina kontroli boksi inayojitoa mtandaoni baada ya makosa kuzidi. Huduma inayopita kila testi niliyoitaja hapa bado inaweza kukwama kwenye gari lenye plagi iliyoshika kutu. Kwa iyo fiksicha ya nyaya naiandika isome jina la njia kutoka nje, leo vcan0, siku nikipata gari na adapta ya USB ni can0, testi zilezile, na kazi ya kuwa injini inatoka kwa Python inarudi kwa injini yenyewe. Zile testi ambazo mimi ndo natengeneza spidi nazipa alama yake ya pytest ili zirukwe zenyewe kwenye gari la kweli, maana huwezi kutuma spidi ya uongo kwenye nyaya za gari linalotembea barabara ya Igoma, hiyo ni hatari kwa watu na sitamfundisha mtu kuifanya.

Anza na ile ya S. Ni mistari michache, haihitaji CAN wala kivuko, na kama huduma yako ya mahali haijawahi kuandikiwa testi ya kusini mwa ikweta utajua leoleo.