Likizo pekee haimalizi uchovu wa mfamasia

Kwenye famasi nyingi za Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, inaaminika kwamba mfamasia aliyechoshwa na kazi atakaa sawa akipumzika siku chache. Kwa uchovu wa kawaida ni kweli. Uchovu wa kazi uliokithiri ni jambo jingine: uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, toleo la 11, hauuiti ugonjwa bali hali inayoletwa na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa. Dalili zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kujiona huna tija. Likizo haigusi chanzo.

Unaweza kuhakiki mwenyewe kama chanzo kiko kwenye mpangilio wa kazi. Weka daftari kaunta kwa wiki 2, uandike saa ya kila kosa lililonaswa kabla dawa haijatoka, bila jina la mteja: metformini (ya kisukari) iliyoshikwa badala ya metronidazoli (ya maambukizi), au dawa mseto ya malaria ya mtu mzima iliyohesabiwa vidonge 18 badala ya 24. Makosa yakirundikana saa zilezile, chunguza zamu kwanza kabla ya kumlaumu mtu. Msaidizi wa pili saa hizo, shelfu tofauti kwa majina yanayofanana, na dakika 15 za kula mbali na kaunta (kula huku unahesabu vidonge si mapumziko) husaidia zaidi.

Pima pia malaria na wingi wa damu, maana navyo huchosha. Usingizi ukipotea wiki kadhaa, au ukikata tamaa ya maisha, muone daktari mapema.